Kiguu na Sakafu ya Mama Yake

"Mama mdogo, kwa nini sakafu zina majina mengi hivyo, wakati zote ni chini tu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa juu ya boksi la vigae, yeye amepiga magoti katikati ya sebule ya watu. Alikuwa ametoka kumweleza mwenye nyumba tofauti ya kauri na posileni, terazo na saruji ya kusugua, na mwenye nyumba alikuwa anaitikia "ehee, ehee" kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Mama mdogo akanitazama. Akafungua mdomo. Simu ikalia, akanyanyuka, na jibu likatoka naye mlangoni.

Ndivyo alivyo. Majibu yake mengi bado yako njiani.

Ni mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa bibi, na kazi yake ni fundi wa sakafu. Mtaa mzima unamwita Kiguu, yaani kiguu na njia, na hata wateja wake siku hizi hawajui jina lingine. Chai anainywa amesimama, mkono mmoja una kikombe, mwingine unatafuta funguo. Ukimkaribisha kiti anakishika mgongoni, anakitikisa kuona kama miguu yake iko sawa, kisha anakiacha. Mama husema kwamba siku alipozaliwa, mkunga aligeuka kuchukua kitambaa, na aliporudi mtoto alikuwa ameshafika upande wa pili wa kitanda. Bibi anakanusha. Anasema alikuwa amefika katikati tu.

Zamani aliajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya kaunta, mahali ambapo hata mimi ningemtabiria hatadumu. Wateja walikuwa wanakuja wanasema "nataka ile ya kung'aa" au "nataka kama ya benki", na yeye ikambidi ajifunze majina kwa kusoma ubavuni mwa maboksi. Ndiyo maana anayajua kama watu wanavyojua majina ya majirani, pamoja na tabia zao. Kauri ni udongo uliochomwa. Posileni ni ndugu yake aliyekaa motoni zaidi, mgumu, hanywi maji. Terazo ni vipande vya mawe vilivyomwagwa na saruji vikasagwa mpaka vikawa na madoadoa kama yai la kware. Pakee ni vibao vidogo vya mbao vilivyolazwa kimoja kwa kimoja. Laminati nayo inajifanya mbao, lakini yeye anaiita pasipoti ya mbao: picha ipo, mwenyewe hayupo. Na ule mkanda wa chini ya ukuta, skatingi, kazi yake ni kuficha aibu ya fundi pale kigae kilipokutana na ukuta uliopinda.

Siku moja mteja alikuja dukani analalamika kwamba sakafu yake mpya imevimba. Kiguu akaenda kuiona, akawakuta mafundi wamekwama, akashika mwiko. Dukani hakurudi tena, hata mwavuli wake hakuufuata.

Sasa nimwingize bibi, maana bila yeye hakuna habari.

Mimi na mama tunaishi na bibi, katika nyumba yake. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, kama panya anavyokula mkeka, kutoka pembeni kuja katikati. Nilipoingia sekondari alikuwa anaona mwanga tu: dirisha, taa, basi. Lakini ndani ya nyumba yake ungeweza kukaa naye mchana mzima usijue. Angetoka chumbani akaenda jikoni, akachukua kikombe, akarudi sebuleni, akakaa kwenye kiti chake bila kukipapasa. Fimbo aliyopewa hospitali ilikuwa inaning'inia mlangoni na miwani ya babu ambayo hakuna anayeivaa.

"Bibi, unaona au unatudanganya?" nilikuwa namwuliza.

"Mume wangu," ananijibu, maana ndivyo anavyonitania, "wewe unaona, na jana umemwaga maziwa."

Sakafu ya nyumba hiyo ilikuwa vituko. Chumbani kwa bibi palikuwa na pakee ya zamani, ambayo babu aliiokota ofisi moja ilipobomolewa. Sebuleni saruji iliyochakaa, yenye ufa mrefu kutoka dirishani. Jikoni saruji isiyosuguliwa, yenye chenga. Na koridoni vigae vya mabaki, rangi mbili, ambavyo Kiguu alivibandika miezi ya mwanzo kabisa ya ufundi wake. Kimoja, karibu na mlango wa bafu, kilikuwa kimeinua kona kama mtu aliyeinua nyusi.

Mjomba, kaka yao mkubwa, hakuwa anakosa la kusema akitutembelea. "Mfinyanzi hulia gaeni," anasema, huku anafuta viatu ambavyo havijachafuka. "Mama amezaa fundi wa sakafu, na anakanyaga viraka."

"Nitaitengeneza, kaka."

"Lini? Ukikaa chini?"

Tukacheka sote isipokuwa Kiguu. Nilimwona anatazama ile kona ya kigae. Wiki iliyofuata akampeleka bibi kwa mjomba na akahamia kwetu na mashine ya kukatia vigae.

Sijawahi kumwona mtu anafanya kazi namna ile. Aling'oa kila kitu. Pakee ikatiwa kwenye magunia na kutupwa nyuma ya nyumba. Alivunja hata vizingiti vya milango, vile vinuko vidogo vya saruji, ili nyumba nzima iwe uwanja mmoja. Kisha akaanza kulaza posileni ya kijivu, isiyong'aa, isiyoteleza, kigae cha aina moja kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni. Alikuwa na pima maji mkononi muda wote, ile rula ndefu yenye kichupa cha maji, na kila kigae kilipigwa nyundo ya mpira mpaka kipovu cha hewa kikatulia katikati. Groutu, ule ujiuji unaojaza mianya ya vigae, aliuchanganya rangi ileile ya kijivu, na mianya yenyewe ilikuwa myembamba hata ukucha hauingii.

Alipomaliza, mzee aliyemfundisha kazi alikuja kuona. Akalaza shavu chini, akatazama kwa jicho moja koridoni kote, akanyanyuka taratibu akishikilia kiuno.

"Umenizeesha," akasema.

Kiguu akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, hatikisiki. Mama akanikonyeza. Ilikuwa kama kuona pangaboi limezimwa.

Bibi akarudi. Mjomba alimshika mkono mpaka ndani, bibi akavua kandambili, akakanyaga. Akakanyaga tena.

"Unaonaje, mama?" Kiguu akauliza.

"Pazuri," bibi akasema. "Baridi kidogo, lakini pazuri. Nipelekeni kwenye kiti."

Tukampeleka. Akakaa.

Tatizo ni kwamba hakunyanyuka. Si siku hiyo tu. Akitaka maji anaita. Akitaka bafu anaita. Nikirudi shuleni namkuta palepale nilipomwacha, mikono mapajani, kichwa kimeelekea dirishani. Siku moja aligonga muundi kwenye meza ambayo haikuwa imehamishwa. Siku nyingine mama alimkuta stoo, amesimama kati ya ndoo na ufagio, anasema yuko sawa, anapunga hewa. Stoo haina dirisha.

Halafu kuna siku nilitoka chumbani nikamkuta koridoni, kiganja kimebandikwa ukutani.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ndogo, "hapa ni wapi?"

Nilimwambia. Akaguna kama mtu aliyekumbushwa kitu anachokijua, akaniomba nimrudishe kwenye kiti. Usiku huo sikuwaza kingine. Nyumba ni yake. Ameishi humo tangu kabla mama hajazaliwa.

Mjomba aliposikia alikuja haraka. "Uzee umefika, tusijidanganye," akamwambia mama, wamesimama barazani. "Mwisho wa mwezi namchukua. Kwangu kuna msichana wa kumshika mkono."

Bibi alikuwa anasikia. Masikio yake hayana presha. Mjomba alipoondoka akasema, "Kaka yenu ana roho nzuri. Huko kwake nitakuwa mzigo uliopangwa vizuri." Kisha akaongeza, "Mimi sitaki kwenda."

Kuanzia hapo Kiguu ndiye aliyetuchanganya. Alikuwa anaingia asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, anazunguka vyumba vyote, anapima upya. Alilaza pima maji kila pembe. Aliweka gololi chini kuona kama itaviringika. Gololi haikwenda popote. Aligonga kila kigae kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama kuna kilicholia tupu, maana kigae kisichoshika gundi kinalia kama debe. Hakikulia hata kimoja. Alimnunulia bibi viatu vya mpira, bibi akapotea zaidi. Alibadilisha taa. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta funguo huku gari linaunguruma nje, kwa sababu kosa lina dawa. Angelipata kosa, angelala.

"Tulia basi, unanitia kizunguzungu," mama akamwambia.

"Nitulie vipi? Sakafu haina neno. Ukuta hauna neno. Sasa nini?"

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Walimu wangu wanaujua. Jioni moja nilikuwa namkata bibi kucha za miguu, nikamwuliza swali ambalo naona lilikuwa wazi kama mlango. "Bibi, zamani ulikuwa unajuaje uko wapi?"

"Kwa miguu," akasema. "Kwani wewe ulidhani kwa kitu gani? Nikishuka kitandani ni mbao, vuguvugu. Mbao zikiisha kuna kizingiti, najua natoka. Koridoni ni vile vigae vya mama yako mdogo, na kimoja kimeinua kona. Nikikikanyaga hicho, bafu liko mkono wa kushoto. Sebuleni nafuata ufa, unanifikisha kwenye kiti. Nikihisi chengachenga ni jikoni, niangalie moto." Akachezesha vidole vya miguu. "Sasa kote ni sawa. Sakafu imelala vizuri, haina doa, sawa. Lakini amenifutia nyumba, mtoto yule. Ni kama mtu akufutie ubao mzima kabla hujamaliza kunakili."

"Mama."

Kiguu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Bibi akashtuka.

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Unaona? Hata wewe siku hizi sikusikii ukiingia. Mwanangu ambaye nilikuwa namsikia toka kwa jirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi." Bibi akageuza uso kuelekea sauti. "Waliniambia ulisimama mahali pamoja unatazama kazi yako. Mahali pamoja, wewe. Ningesema nini?"

Kiguu akaweka kikombe chini, akatoka. Tulimsikia anazunguka nyumba kwa nje, mara ya kwanza, mara ya pili. Aliporudi alikuwa na tindo na nyundo. Akapiga magoti koridoni, akaweka ncha ya tindo kwenye mwanya kati ya vigae viwili, mwanya ule ambao hata ukucha hauingii, na akabaki hivyo, nyundo iko juu.

"Anza hata na cha pembeni," mama akamwambia kwa upole.

"Cha pembeni hakitamsaidia," akasema, akapiga.

Mjomba alikuja wikiendi kuangalia vitu vya bibi vya kupakia. Alikuta mlango uko wazi, vumbi jeupe limetanda, dada yake amefunga kitambaa usoni, na sakafu aliyowasifia wenzake kazini imekuwa vipande kwenye toroli.

"Huyu amerukwa na akili," akasema, kwa mama, kwa sababu aliona Kiguu hasikii. "Nani amemruhusu?"

"Mwenye nyumba," bibi akajibu kutoka barazani.

"Mama, hii ilikuwa sakafu bora mtaani."

"Kweli. Mwambie aliyeipenda akalale juu yake."

"Nimesema mwisho wa mwezi."

"Mwezi haujaisha," Kiguu akasema bila kuinua kichwa. "Kaka, toroli hilo limejaa. Ukiwa unatoka, lisukume mpaka nje."

Alilisukuma. Na viatu vyake vile vya kufutwafutwa.

Safari hii mteja alikuwa bibi, na hakuna mteja msumbufu kama huyo. Kiguu alizileta sampuli kutoka kila alikowahi kufanya kazi, akazipanga barazani kwa mstari, na bibi akawa anatembea juu yake peku, amenishika bega, kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Hii inaitwaje?"

"Terazo."

"Inanikuna vizuri. Hii?"

"Hiyo ni vinili, mama. Aina ya plastiki."

"Inanishika mguu kama mtoto anayeomba. Itoe. Na hii mbao?"

"Siyo mbao hasa, ni laminati."

Bibi akaikanyaga, akasikiliza. "Huyu ni mwongo," akasema, na Kiguu akacheka mpaka akashika nguzo, mara ya kwanza tangu yale ya stoo.

Bibi alitaka kila jina. Mimi nilidhani angeziita ya vuguvugu, ya kukuna, ya chenga, lakini alikataa. Alisema mtu anayeishi nawe humwiti "yule mrefu". Siku nzima tukamsikia ananong'ona: pakee, terazo, kauri, saruji ya kupigwa ufagio. Hiyo ya mwisho ndiyo jikoni: kabla saruji haijakauka unapitisha ufagio juu yake, inabaki na mistari, mguu unaijua mara moja. Pakee ya babu tuliitoa kwenye magunia nyuma ya nyumba, kwa bahati hakuna aliyekuwa amepata muda wa kuichoma. Vizingiti vikarudi, vifupi, vya mviringo juu, vya kuhisi na si vya kujikwaa. Sebuleni posileni ya kijivu ilibaki, ila katikati yake Kiguu alikata njia ya terazo, upana wa nyayo mbili, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

Shida ikawa koridoni. Bibi alitaka vigae vya kauri, na alitaka kile kimoja chenye kona.

"Mama, kona iliyoinuka ni kosa. Utajikwaa."

"Basi kizame. Lakini kiwe na neno la kuniambia."

Kiguu akalaza gundi, akaweka kigae, akakibonyeza upande mmoja. Akakitazama. Mkono wake ukachukua nyundo ya mpira, tok, tok, kikawa sawa kabisa. Akakinyanyua, akaanza upya. Kikawa sawa tena. Nilikuwa naangalia na nawaambia kweli, hakuwa anafanya makusudi. Mikono yake ilikuwa imesahau namna ya kukosea. Alitokwa na jasho. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, kikatoka sawa zaidi.

"Siwezi," akasema. Na sauti yake ilibadilika kidogo, kwa sababu kesho yake mjomba alikuwa anakuja na gari.

"Sogea," bibi akasema.

Akaja peku, mkono mmoja ukutani, mguu wake ukapapasa ukingo wa kigae kile kibichi. Akapata kona, akaweka kisigino, akaegemea kwa uzito wake wote, ambao si haba. Kona ikazama, gundi ikatoka pembeni kama jamu. Kiguu aligeuza uso ukutani.

"Hapo," bibi akasema. "Sasa usikiguse."

Usiku kucha hatukupita koridoni. Asubuhi gari la mjomba lilisikika kabla ya chai. Mama alikuwa jikoni, mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kitasa, na Kiguu alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta huku anajitafuna ukucha. Mjomba akabisha hodi.

"Usifungue," bibi akaita kutoka chumbani kwake. "Ni mgeni wangu."

Tukasikia kitanda. Kisha tukamsikia yeye, na hapo ndipo nilipotambua kwamba siku zote hizo nyumba ilikuwa bubu. Mbao zililia chini yake. Kimya kidogo, kizingiti. Halafu nyayo kwenye kauri, pap, pap, zikasita. Kiguu akasimama. Sote tulijua yuko juu ya kigae gani. Nyayo zikaendelea, zikavuka kizingiti cha pili, terazo ikakwaruza, na bibi akatokea sebuleni, mikono imelegea pembeni, kichwa juu. Alifika kwenye kiti chake, akakigusa begani kama anayemsalimia mtu, akakizunguka, akaja mlangoni, akanisukuma pembeni kwa nyonga.

Akafungua mwenyewe.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Vumbi limeisha, viatu vyako vitapona. Unakunywa chai kisha unaenda, au unaenda kisha unakunywa?"

Mjomba alikuwa ameshika begi tupu la kuwekea nguo. Alimtazama mama yake, akamtazama dada yake, akatazama chini, rangi nne za sakafu zisizofanana.

"Ni mbaya kweli," akasema.

"Mbaya sana," Kiguu akakubali.

"Chai basi," mjomba akasema, akaliacha begi nje.

Bibi akageuka kwenda kumwambia mama aongeze maji, peke yake, na tulisikia mistari ya jikoni ikimpokea. Kiguu hakuifuata chai. Alikuwa tayari anakusanya miiko na kuifunga kwenye gunia, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anamwambia mtu kwamba yuko njiani wakati bado yuko kwetu. Alipopita koridoni aliruka kile kigae chenye kona iliyozama, bila kukitazama, kama mtu anavyompita anayemdai. Nikamfuata na ndoo yake mpaka kizingitini. Nikaona nisipouliza sasa nitauliza nikiwa na wajukuu.

"Mama mdogo, kuna siku nilikuuliza kwa nini sakafu zina majina mengi, wakati zote ni chini tu. Hukunijibu."

Akakata simu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaishia kwenye raba zangu za shule.

"Vua viatu," akasema.